Mashua Pacha Hukimbia Kiasi Gani?

(Mazungumzo ya redio ya juma hili, yanachapishwa hapa kwa ajili ya wale waliokosa kusikiliza.)

Ndugu wasikilizaji, juma lililopita nilikuwa nyumbani Pito, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga. Nilikwenda kwa shughuli za ukoo, nikakuta ukoo mzima umegawanyika makundi mawili kwa sababu ya mashua. Msicheke. Pito haina ziwa wala bahari. Iko juu ya nyanda za Ufipa, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji mengi kuliko yote tunayoyaona huko ni ya mvua ya masika. Lakini kutoka kwetu kuteremka hadi Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, ni safari ya siku moja kwenda na kurudi, na wafanyabiashara wa samaki ni watu wetu.

Kisa chenyewe ni mpwa wangu. Kuna bwana mmoja amemwonyesha picha za video kwenye simu: mashua yenye matumbo mawili, haina injini, ina tanga tu, inaruka juu ya maji kama mbayuwayu. Chini ya picha imeandikwa kilomita 100 kwa saa. Bwana huyo anasema atajenga mashua ya aina hiyo hiyo huko ziwani. Itakusanya samaki kwenye vijiji vya mwambao kutoka Kipili hadi Kasanga bila kununua hata lita moja ya mafuta, na mwendo wake hautapungua kilomita 90 kwa saa. Anatafuta wenye hisa. Mpwa wangu ana maksai wanne. Amekusudia kuwauza wote.

"Mjomba," akaniambia, "wewe umekaa Dar es Salaam miaka mingi, umeziona hizo mashua. Waambie wazee kama ni uongo."

Nikamjibu, mpwa wangu, picha uliyoiona si uongo. Hapo upande wake ukashangilia. Nikaongeza: lakini alichokuambia huyo bwana si kweli. Hapo ukanyamaza. Jambo hili linahitaji maelezo, na kwa kuwa nilishayatoa Pito chini ya mti kwa muda wa alasiri nzima, nimeona niyalete na kwenu. Wakazi wa mijini nao wanaonyeshwa picha za namna hii kila siku.

Tuanze na jina. Mashua yenye matumbo mawili yaliyounganishwa huitwa katamarani. Neno lenyewe limetoka kwa Watamili wa kusini mwa India, maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Msomaji wa Dar es Salaam anaijua katamarani hata kama hajui jina lake, kwa maana boti za Azam ziendazo Unguja, zile ziitwazo Kilimanjaro, ni katamarani. Zinaenda kama kilomita 70 kwa muda wa saa 2 hivi. Lakini zile zina injini kubwa zinazokunywa mafuta mchana kutwa, na leo tunazungumzia tanga.

Watu wa Ziwa Tanganyika nao wanazo katamarani zao za miaka mingi. Wavuvi wa dagaa huunganisha mitumbwi miwili kwa miti, wakashusha wavu katikati, wakawasha taa usiku, dagaa wakafuata mwanga, wavu ukainuliwa. Hapo matumbo mawili hayakuwekwa kwa ajili ya mbio. Yamewekwa kwa ajili ya upana, ili wavu ukunjuke na chombo kisipinduke watu wakivuta upande mmoja. Na upana huo huo ndio siri ya kwanza ya mbio.

Tanga linapopigwa na upepo husukuma chombo mbele, lakini pia hukilaza ubavu. Jahazi la tumbo moja hujizuia kulala kwa uzito: mkuku, shehena, au mawe ya farumi tumboni. Uzito huo unazuia kupinduka, lakini unazuia mwendo vile vile. Ukiweka matumbo mawili mbali mbali, upana ndio unaozuia kulala, na farumi unaitupa. Wenzetu wa pwani walilijua jambo hili zamani sana. Ngalawa ni gogo jembamba lililochongwa, ambalo peke yake lingepinduka kwa upepo wa kwanza, lakini mirengu yake miwili inalishika huku na huku, na tanga kubwa linapandishwa bila wasiwasi.

Siri ya pili ni wembamba. Chombo kinachokwenda majini hutengeneza wimbi kwa omo na wimbi jingine kwa tezi. Kikiongeza mwendo, wimbi la mbele hurefuka mpaka chombo kinajikuta kimekaa ndani ya bonde la mawimbi yake mwenyewe, kikipanda mlima kisioufika kileleni. Mafundi wana hesabu yake. Chukua urefu wa chombo majini kwa futi, tafuta kipeo cha pili chake, zidisha kwa 1.34, utapata mwendo kwa noti. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.852. Mashua ya futi 25 ina kipeo cha 5, kwa hiyo kikomo chake ni noti 6.7, kama kilomita 12 kwa saa. Jahazi la futi 49 ni noti 9.4, kama kilomita 17. Unaweza kuongeza tanga upendavyo, chombo kizito kitatoa povu jingi lakini hakitakwenda zaidi sana ya hapo. Tumbo jembamba kama kisu, kwa upande mwingine, halitengenezi wimbi kubwa. Linapasua. Kikomo kile hakilishiki sawasawa. Ndiyo sababu mwaka 1876 fundi mmoja Mmarekani, Nathanael Herreshoff, alipoleta katamarani yake iliyoitwa Amaryllis kwenye mashindano ya New York, aliwaacha wenzake mbali, nao wakampigia marufuku. Badala ya kuiga, wakafukuza!

Sasa siri ya tatu, ambayo ndiyo iliyonipa kazi kubwa kuieleza Pito. Mzee mmoja alisimama akauliza: chombo kinasukumwa na upepo, basi kitaendaje haraka kuliko upepo wenyewe? Swali zuri. Kama upepo unatoka nyuma moja kwa moja, mzee yuko sahihi kabisa. Kikifikia mwendo wa upepo, tanga linalegea. Lakini upepo ukitoka ubavuni mambo hubadilika. Nikamwambia akumbuke baiskeli. Mwezi wa Julai, upepo wa baridi unapopita Ufipa, panda baiskeli huku upepo ukikupiga ubavu wa kulia. Ukisimama, unausikia kwenye sikio la kulia. Ukianza kukanyaga, unausikia shavuni. Ukiteremka mlima kwa kasi, unausikia puani, tena una nguvu kuliko ulipokuwa umesimama. Upepo wa kweli haujabadilika. Umeongezewa upepo ulioutengeneza mwenyewe kwa mwendo wako. Tanga nalo halijui kutofautisha. Kadiri katamarani nyepesi inavyokwenda, ndivyo inavyopata upepo mkubwa zaidi wa kuitumia. Zile katamarani za futi 72 zilizoshindania Kombe la Amerika huko San Francisco mwaka 2013 zilipita noti 40 kwenye upepo ambao haukufika nusu ya kiasi hicho.

Lakini utamu huo una mwisho wake. Kadiri unavyokwenda ndivyo upepo unavyohamia mbele, mpaka unatoka karibu moja kwa moja usoni, na tanga halina tena pembe ya kuvutia. Wakati huo maji nayo yanakung'ang'ania. Ndipo wenye fedha wakafikiri: kwa nini tumbo liwe majini? Wakaweka mabawa chini ya mashua, mfano wa mabawa ya ndege lakini yanafanya kazi majini. Mashua ikishika kasi, mabawa yanaiinua nzima, matumbo yote mawili yanakuwa hewani, na kinachogusa maji ni mabawa na usukani tu. Hiyo ndiyo picha aliyoonyeshwa mpwa wangu.

Mashua ya namna hiyo ziitwazo F50 zina urefu wa mita 15, na tanga lake si la kitambaa bali ni bawa gumu lililosimama wima. Mwaka 2022, huko Saint-Tropez, timu ya Ufaransa ilifikia kilomita 99.94 kwa saa. Hebu fikiri uchungu wa kukosa mita 60 tu! Agosti 2025 timu ya Denmark ikavuka, huko Sassnitz, Ujerumani, kilomita 103.93 kwa saa. Kwa hiyo zile namba kwenye simu ni za kweli.

Kwa nini hazikufika 150? Hapa watu wa Ufipa wana faida kuliko watu wa Dar es Salaam, kwa sababu wanapika maharage. Kila mama wa Pito anajua kwamba maharage kwetu yanachelewa kuiva. Sababu yake ni kwamba hewa ya juu ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana, na maji yanachemka mapema, kama nyuzi 94 badala ya 100. Mgandamizo ukipungua, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Sasa, bawa likipita majini kwa kasi, upande wake wa juu mgandamizo unapungua. Ndiyo namna linavyoinua. Likifika kama noti 50 na kitu, mgandamizo unapungua mno hata maji ya baharini, yakiwa baridi vile vile, yanachemka juu ya bawa. Mapovu ya mvuke yanajaa, bawa linapoteza mshiko, mashua inadondoka au inakwenda upande. Huo ndio ukuta wanaopambana nao hivi sasa, na wanaupenya kwa noti moja moja.

Kuna chombo kimoja kiliupenya kwa kishindo, na ni hapa hapa Afrika. Tarehe 24 Novemba 2012, katika ghuba ya Walvis Bay nchini Namibia, Paul Larsen alikwenda noti 65.45 kwa wastani wa mita 500, yaani kilomita 121 kwa saa, kwa kutumia tanga. Lakini chombo chake, Sailrocket 2, si katamarani ya mashindano. Kilijengwa kwa kazi moja tu, kwenda upande mmoja kwenye maji yaliyotulia, na bawa lake lilitengenezwa makusudi likubali mapovu badala ya kuyakimbia. Kukigeuza kirudi kilikotoka kwa kasi ile ile haiwezekani. Hakibebi hata kapu la dagaa.

Hapa ndipo nilipomwomba mpwa wangu akae vizuri, kwa maana tulikuwa tunakaribia maksai. Nilimwambia mwendo wa mashua ni namba tatu tofauti, na wauza maneno huchukua ya kwanza wakakuuzia kama ya tatu.

Namba ya kwanza ni kasi ya kitambo. Hizo kilomita 103 zilidumu kitambo kifupi, kwenye pembe nzuri ya upepo. Namba ya pili ni wastani wa safari. Mwaka 2005 Bruno Peyron wa Ufaransa na mabaharia wake walizunguka dunia kwa katamarani iitwayo Orange II, yenye urefu wa mita 36 hivi, kwa siku 50, saa 16 na dakika 20. Mwaka 2006 chombo hicho hicho kilikwenda maili 766.8 za baharini katika saa 24. Gawanya, utapata wastani wa noti 32 hivi, sawa na kilomita 59 kwa saa, kwa chombo kilichogharimu mamilioni ya fedha za kigeni, kwenye upepo wa bahari kuu, tena kwa siku yake bora kuliko zote. Hizo kilomita 90 anazoahidi bwana wa Kasanga kila siku, Orange II haikuzikaribia hata siku hiyo moja.

Mimi mwenyewe nimepanda katamarani ndogo. Miaka ya nyuma, siku za Jumapili, rafiki yangu alikuwa akinichukua kwenye Hobie 16 katika ghuba ya Msasani. Ni kichombo cha mita 5, kilo 145, watu wawili mnaning'inia nje kwa kamba ili kisilale. Siku moja ya kusi kali tulikifunga kifaa cha kupima. Kikaonyesha noti 17. Tulipiga kelele kama watoto. Sekunde chache baadaye tumbo moja likachoma maji kwa omo, na sisi tukarushwa kupita mlingoti. Tulipomaliza kukiinua na kukohoa maji ya chumvi tukaangalia wastani wa safari yetu yote. Noti 8.

Namba ya tatu ndiyo ya mfanyabiashara: unasogea kiasi gani kuelekea unakokwenda? Chombo cha tanga hakiendi moja kwa moja dhidi ya upepo. Lazima kibishe, kiende kushoto, kigeuke, kiende kulia, kigeuke tena. Kikibisha vizuri sana, kwa pembe mraba kati ya mkondo na mkondo, safari ya kilomita 100 inakuwa 141. Sasa tazama ramani ya ziwa letu. Kipili iko kaskazini-magharibi ya Kasanga, kama kilomita 130 kwa maji. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo mkuu wa Ziwa Tanganyika unatoka kusini-mashariki. Basi mashua ikitoka Kasanga tupu kwenda Kipili itasukumwa na upepo wa nyuma, raha mustarehe. Ikigeuka na samaki wake, inarudi dhidi ya upepo. Safari ya mzigo ndiyo safari ya kubisha!

Tukachora mavumbini. Mashua pacha ya mbao iliyojengwa vizuri, futi 30 hivi, yenye tani moja ya samaki na barafu. Mabawa ya majini hatuyahesabu, kwa kuwa hayo hutaka nyuzi za kaboni, vyombo vya umeme na mafundi wa kuyatunza, na tena uzito ni adui yake wa kwanza. Ukiipakia tani moja haitanyanyuka kamwe. Tukaipa noti 7 kwa kwenda, na hapo nimeikirimu. Kilomita 130 kwa kilomita 13 kwa saa ni muda wa saa 10. Kwa kurudi, kilomita 130 zinakuwa 183 kwa sababu ya kubisha, na mwendo tukaupunguza hadi noti 6, kilomita 11 kwa saa. Saa 16 na zaidi. Hiyo ni siku ambayo upepo upo na haujageuka dhoruba. Siku upepo ukilala, wote mnalala nao katikati ya ziwa, na barafu inayeyuka. Kwa mwendo wa yule bwana safari ingekuwa muda wa saa 1 na nusu.

Mpwa wangu alitazama zile hesabu kwa muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea. "Mjomba, hata saa 16, mafuta ni sifuri."

Nakiri alinishika. Na kweli, kwa dagaa wakavu, kwa mahindi, kwa mbao, kwa mzigo usio na haraka, chombo cha tanga cha matumbo mawili kinaweza kuwa na faida, na sijui kwa nini watu wetu wa ziwani hawalijaribu jambo hilo zaidi. Kina nafasi pana ya kupakia, hakihitaji maji marefu, kinapanda ufukweni. Singemkataza mtu kujenga kimoja. Lakini samaki wabichi si dagaa wakavu, na Kipili yenyewe ina barabara ya Namanyere, hivyo gari litakuwa limeshafika Sumbawanga wakati wewe unabisha mara ya ishirini. Isitoshe, mtu anayeanza biashara kwa kukutajia namba ya kitambo kana kwamba ni namba ya safari, hata hesabu za mapato atazitaja kwa mtindo huo huo. Wazee waliguna kuonyesha wamekubali. Dada yangu, mama yake kijana, alikuwa amekubali tangu kabla sijafika. Yeye hoja yake ilikuwa maksai tu.

Hatukumkataza. Kijana ana miaka 27 na maksai ni wake. Tulikubaliana afanye jambo moja kwanza. Yule bwana anasema ana mashua ya mfano kule Kasanga, tayari inaelea. Mpwa wangu ateremke akaipande mwenyewe. Asiende siku ya maji matulivu, aende siku ya kusi. Apakie magunia 10 ya mchanga, kila gunia kilo 100. Achague alama mbili za nchi kavu anazojua umbali wake, apime muda wa kwenda na muda wa kurudi kwa saa ya mkononi, na asiangalie namba inayowaka kwenye kioo cha simu hata mara moja. Ajumlishe umbali wa kwenda na kurudi, agawanye kwa muda wote, pamoja na muda wa kugeuza na wa kufungua kamba zilizokwama.

Nilipoondoka Pito alikuwa ameshapata mifuko. Mchanga atauchota huko huko ufukweni. Akirudi na namba zake nitawaletea.